Barua ya wazi kwa wasimamizi wa huduma za matunzo: mlango wenu umejengwa kwa mtu asiyeuhitaji

Kwa Mkurugenzi, wajumbe wa kamati ya tathmini na wote mnaoshika mihuri ya huduma za matunzo ya muda mrefu kwa wazee na watu wazima wenye ulemavu.

YAH: KUKWAMA MLANGONI

Waheshimiwa,

Heshima zenu nazitanguliza, kwanza kwa sababu nimelelewa hivyo, pili kwa sababu nataka hii barua muisome mpaka chini. Kabla ya hii nimeshawaandikia tatu. Zote nimezileta kwa mkono zikagongwa muhuri wa kupokelewa, nakala ninazo kwenye bahasha ya kaki hapa pembeni yangu. Ya kwanza kimya. Ya pili nikajibiwa mstari mmoja kwamba suala langu "linafanyiwa kazi". Ya tatu nilipokuja kuifuatilia, yule kijana wa mapokezi, mstaarabu kabisa wala sina neno naye, akaangalia kompyuta akaangalia tena akaniambia dada faili halionekani, labda uanze upya. Nianze upya! Miezi kumi na nne nimelisukuma hilo faili alafu nianze upya. Basi nikasema kama ni kuanza upya nianzie hapa hadharani, ambapo faili halipotei.

Nijitambulishe kidogo. Nyumbani kwetu kuna watu wawili ambao bila mikono ya mtu mwingine siku haiendi. Mama yangu ana miaka 78, alipata kiharusi kikamwacha upande wa kulia hauna nguvu, na sa hivi kumbukumbu nazo zimeanza kumtoka, kuna asubuhi ananiita kwa jina la marehemu dada yake na mimi naitika tu. Mdogo wangu wa kiume alivunjika shingo kwenye ajali akiwa kijana, kuanzia kifuani kwenda chini hasikii kitu, vidole vya mikono vinamtii nusunusu. Kichwa chake kiko sawa kuliko changu, anasahihisha maandishi ya watu kwa kompyuta, anaongea inaandika, analipwa. Mikono yao ni mimi. Nilikuwa na kazi, niliiacha, hiyo ni hadithi nyingine.

Sijaja kulialia. Nina jambo moja tu na mengine yote kwenye hii barua yanatoka humo. Huduma mnazo, kwenye vipeperushi vyenu ziko nzuri tu, msaidizi wa kuja nyumbani, mtu wa mazoezi ya viungo, kitanda cha kupandisha na kushusha, mtu wa kumshikia mlezi siku mbili tatu apumzike. Shida ni njia ya kuzifikia. Njia hiyo imetengenezwa kwa mtu anayeweza kupanda ngazi, kusoma maandishi ya chini kabisa ya fomu, kusikia vizuri kwenye simu, kukumbuka tarehe aliyopewa, kukaa kwenye benchi masaa matano na kurudi tena kesho yake. Sasa mtu anayeyaweza hayo yote anakuja kufanya nini kwenu? Mlango mmemjengea ambaye hana haja ya kuingia.

Naenda namba kwa namba msije mkasema nimechanganya mambo.

1. Madirisha mengi, mlango hakuna

Mama nilimpeleka dirisha la wazee. Wakauona mkono na mguu wakasema huyu ni wa dirisha la ulemavu. Dirisha la ulemavu wakaangalia mwaka wa kuzaliwa wakasema huyu kapitiliza, arudi kwa wazee. Nikauliza kwani mtu akizeeka ulemavu unamtoka? Hakuna aliyenijibu, kila mmoja akaniandikia kikaratasi cha kunipeleka kwa mwenzake. Najua sio nyie peke yenu, hata Australia na ule mpango wao mkubwa wa taifa wa watu wenye ulemavu, sharti ni uwe umeomba kabla hujafikisha miaka 65, ukipooza ukiwa na 66 unaelekezwa upande wa wazee. Lakini angalau kule anaelekezwa mahali, mama yangu alikuwa anarushwa kama mpira.

Kila dirisha lina fomu yake na kila fomu inauliza yaleyale, jina, kuzaliwa, ugonjwa ulianza lini, nani anakuhudumia. Nimeshaandika jina la mama mara kumi na moja. Fomu ya onlaini nayo, ambayo mnasema imerahisisha mambo, ina saa ya kujizima, ukikaa dakika kadhaa hujabonyeza kitu inakurudisha mwanzo na ulichojaza kimefutika. Mdogo wangu anayeandika kwa sauti imemrudisha mara nne. Ni fomu ya watu wenye ulemavu jamani, imeandikwa juu kabisa kwa herufi kubwa. Na mwisho inataka upige picha sahihi yako ya mkono uipakie.

2. Tathmini ya dakika ishirini

Hapa nitakaa kidogo maana ndo penyewe.

Mtathmini alikuja nyumbani na mwenzake, nashukuru kwa hilo, wengine wanaitwa ofisini wabebwe. Mama aliambiwa jana yake kwamba kuna mgeni. Tangu alfajiri ananisumbua nimvalishe gauni zuri, nimchane, nimkalishe kwenye kiti sio kitandani, akataka na ile fimbo ifichwe nyuma ya mlango. Mgeni akaketi akafungua karatasi zake. Mama, unaoga mwenyewe? Naoga mwanangu. Unavaa mwenyewe? Si unaona nimevaa. Chooni? Naenda bila shida. Unapika? Akacheka kabisa, akasema mimi nimepikia watu mia unaniuliza kupika. Vijana wote wawili wakacheka, yule mtathmini na mwenzake, ilikuwa mazungumzo mazuri tu. Mimi nimesimama nyuma natikisa kichwa mpaka shingo inauma, hakuna aliyeniuliza swali hata moja. Dakika ishirini wakaondoka. Jioni namuuliza mama umewaonaje wale wageni, ananiambia wageni gani?

Majibu yakaja: "anajitegemea kwa kiwango cha kuridhisha".

Waheshimiwa, mama hakuwadanganya. Mtu mzima aliyelea watoto na wajukuu hawezi kumwambia kijana asiyemjua kwamba akitoka chooni anasafishwa na bintiye. Angekubali kukosa huduma kuliko kulitamka hilo, na kweli amekosa. Halafu mtu ambaye kumbukumbu zinampotea akiona mgeni anajikusanya, anachangamka kuliko siku zote, mkishaondoka anachoka siku mbili hajui asubuhi wala jioni. Muulizeni mlezi yeyote wa mtu mwenye demensia atawaambia hivyohivyo.

Nilienda kuyatafuta hayo maswali yenu yametoka wapi. Ile orodha ya mambo sita, kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kitandani kwenda kitini, kuzuia haja na kula, ni ya daktari mmoja Mmarekani, Sidney Katz, na wenzake, waliichapisha 1963 baada ya kuwafuatilia wagonjwa, wengi wao wazee waliovunjika nyonga. 1969 Lawton na Brody wakaja na ya kwao ya mambo ya kuendesha maisha, simu, manunuzi, kupika, kufua, dawa, pesa, usafiri. Orodha nzuri, sizibezi. Ila Katz na wenzake walikuwa wanamwangalia mgonjwa anafanya nini, nyie mmeigeuza kuwa maswali ya kumuuliza mtu anajionaje. Na kwenye karatasi zenu hakuna mahali panapouliza huyu akiachwa peke yake masaa mawili itakuwaje. Mama anaweza kutembea na fimbo mpaka jikoni, na anaweza kuwasha jiko. Kwenye fomu hizo ni alama mbili za kujitegemea. Kwangu ndo sababu ya kulala nimeweka kiti kwenye mlango wa jikoni ili akikisukuma nishtuke.

Na msidhani nawaonea, wakubwa wenu nao walilikosea hili. Ujerumani bima yao ya matunzo ilianza 1995, wakawa wanahesabu zaidi dakika za kuhudumiwa mwili, kuoshwa, kulishwa, kutembezwa, kwa hiyo mwenye demensia ambaye miguu yake mizima alikuwa anapewa kidogo au hapewi. Wamekaa nalo miaka, mwisho wakakubali kwamba kipimo ni kibovu, Januari 2017 wakaanza kipimo kipya, madaraja matatu yakawa matano, kumbukumbu na tabia na uwezo wa kuupanga mwenyewe mchana wako vikaingia kwenye hesabu. Kwa hiyo kubadilisha kipimo inawezekana, haihitaji muujiza, inataka mtu aliye juu aseme hapa tulikosea.

3. Foleni isiyo na namba

Mdogo wangu yeye tathmini alipita. Alipata barua nzuri kabisa kwamba anastahili masaa ya msaidizi asubuhi na jioni, tukafurahi, nikapiga simu kuuliza mtu anaanza lini, nikaambiwa yuko kwenye orodha. Wa ngapi? Hatuwezi kukwambia. Mbele yake wako watu wangapi? Hiyo siwezi kuiona. Miezi mingapi kwa kawaida? Inategemea. Inategemea nini? Inategemea na nafasi. Yaani hata kwenye foleni ya kawaida mtu unaona kisogo cha aliye mbele yako.

Sasa niwaeleze kinachotokea mtu aliyepooza akiwa "kwenye orodha". Mtu asiyesikia mwili anatakiwa ageuzwe, akiwa kitandani hospitali zinafundisha kila baada ya kama masaa mawili, kwa sababu nyama ikibanwa kati ya mfupa na godoro damu haipiti, inakufa, na yeye hasikii maumivu ya kumwambia nigeuze. Ukiwa mtu mmoja unayelea wawili, usiku mmoja ukalala masaa matano moja kwa moja kwa uchovu, asubuhi unakuta pamekuwa pekundu. Siku ya nne ni kidonda. Sisi tulikipata kwenye nyonga ya kushoto, kilianza kama sarafu, kikaishia naweza kuingiza ngumi, na wiki tisa hospitalini. Mnamkumbuka Christopher Reeve, yule mwigizaji wa Superman aliyevunjika shingo kwa kuanguka na farasi? Alikuwa na pesa na wauguzi usiku na mchana, na bado alifariki Oktoba 2004 akiwa anatibiwa kidonda cha namna hiyo kilichoingia maambukizi. Sasa sisi wa kwenye orodha.

Na kusubiri sio sheria ya dunia. Japani walipoanzisha bima yao ya matunzo mwaka 2000 sheria yao ilisema ukiomba, uamuzi utoke ndani ya siku 30, na kama mzee mwenyewe hawezi kwenda, familia au msimamizi wa matunzo anaomba kwa niaba yake. Ujerumani jibu linatakiwa ndani ya siku 25 za kazi, na wakichelewa kwa uzembe wao mfuko unamlipa mwombaji euro 70 kwa kila wiki iliyoanza ya ucheleweshaji. Hili la mwisho nililisoma mara mbili. Ofisi ikichelewa, ofisi inalipa. Kwenu ofisi ikichelewa analipa mdogo wangu, kwa nyama ya nyonga yake.

4. Kituo ndo kimekuwa jibu la kila kitu

Siku mdogo wangu anaruhusiwa hospitali alikolazwa kwa hicho kidonda, akaja mtu wa ustawi akatuambia kwa kuwa nyumbani hakuna msaidizi, tufikirie kituo cha matunzo akakae huko, kituoni kitanda kipo wiki ijayo. Wiki ijayo! Miezi yote hiyo masaa manne ya msaidizi kwa siku hayapatikani, ila kitanda cha masaa ishirini na nne kimepatikana ndani ya siku saba. Mdogo wangu akauliza maswali mawili tu. Huko nitaamshwa saa ngapi? Saa kumi na mbili asubuhi. Na taa zinazimwa saa ngapi? Saa tatu usiku. Akasema kazi yangu naifanya usiku maana ndo nyumba inatulia. Yule dada akamwambia kwa upole kabisa, kule hutahitaji kufanya kazi.

Sisemi vituo vifungwe, wapo wanaovihitaji na wapo wanaovipenda, na mimi mwenyewe usiku mwingine nimewaza. Nasema mtu asilazimishwe kwa sababu ofisi imepanga pesa zake kukaa huko. Marekani 1981 kulikuwa na mtoto wa Iowa anaitwa Katie Beckett, anapumua kwa msaada wa mashine, wazazi na madaktari wanasema anaweza kukaa nyumbani, lakini mpango wa serikali ulikuwa unalipa akiwa hospitali tu, akirudi kwao malipo yanakatika, ingawa nyumbani gharama ilikuwa ndogo zaidi. Mpaka Rais Reagan mwenyewe alilitaja mbele ya waandishi wa habari kama mfano wa kanuni za ajabu, ndo zikalegezwa, na watoto wengi wakarudi kwao kupitia mlango huo. Miaka zaidi ya arobaini sasa. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, kifungu cha 19, unasema mtu achague anaishi wapi na nani, asilazimishwe mpangilio fulani wa maisha. Hauweki sharti kwamba kwanza apatikane mtu wa kuja asubuhi.

5. Msaidizi mpya kila wiki

Mwishowe msaidizi wa mdogo wangu alipatikana. Kisha akaondoka. Akaja mwingine. Ndani ya miezi mitatu nimepokea wasaidizi tisa, na kila mmoja namfundisha upya jinsi ya kumnyanyua, mkono upite wapi, kiti cha magurudumu kifungwe breki kwanza. Kubwa zaidi nawafundisha kuhusu mpira wa mkojo. Kwa mtu aliyeumia shingo mpira ukijikunja mkojo ukarudi, presha inapanda ghafla, kichwa kinamgonga, uso unatoka jasho, na usipoukunjua haraka anaweza kupata kiharusi. Msaidizi wa sita alimwona anatoka jasho akamfungulia dirisha apate hewa. Simlaumu, alikuwa na siku mbili kazini, na hakuna aliyemwambia.

Wasaidizi wenyewe wananihadithia. Analipwa kwa masaa aliyokaa ndani ya nyumba ya mgonjwa tu, njiani hahesabiwi, nyumba tano kwa siku mwanzo wa mji na mwisho wa mji, akiumwa hakuna malipo. Atakaa kwa nini? Mama alimzoea mmoja, wa nne nadhani, alikuwa anamwimbia wakati mimi namuogesha na mama anatulia. Alipoondoka mama alikataa kuogeshwa siku sita. Kumvua nguo mtu mzima mbele ya mgeni tofauti kila Jumatatu, hivi mmeshawahi kulifikiria hilo kwa mama zenu?

6. Barua ya kukataa

Ya mama ina mistari miwili. Haisemi alama alipata ngapi, haisemi kikomo ni ngapi, haisemi rufaa inapelekwa wapi wala ndani ya siku ngapi. Nilikuja kugundua muda wa rufaa umeshapita kutoka kwa mlinzi wa getini, ambaye inaonekana anajua mengi.

Najua mtakachosema, nimeshakisikia kwa mdomo.

Mtasema bajeti. Sawa, hakuna ofisi yenye pesa za kutosha. Ila wiki tisa za hospitali kwa sababu ya kidonda zililipwa na nani? Kitanda cha kituo mlichotuahidi ndani ya wiki moja kinalipwa na nani? Pesa ipo, inatoka kwenye mfuko mwingine, na kwa kuwa mfuko huo sio wenu hamuioni.

Mtasema kulea wazee na wagonjwa ni jukumu la familia. Ni kweli na tunalifanya, nani kasema tumekataa. Shirika la Kazi Duniani mwaka 2018 lilipiga hesabu likakuta kazi za matunzo zisizolipwa duniani ni masaa bilioni 16.4 kila siku, robo tatu na zaidi yanafanywa na wanawake, na wanawake milioni 606 wenye umri wa kufanya kazi wako nje ya soko la ajira kwa sababu hiyo, wanaume ni milioni 41. Mimi ni mmoja kati ya hao wa kwanza. Kwa hiyo familia ishabeba, tena imebeba sehemu kubwa, tunachowaomba ni mshike upande mmoja wa mzigo. Na mkisema familia, mjue mna maana ya mtu mmoja ndani ya familia. Tuko watoto watano kwetu. Mnaongea na yule aliyebaki.

Mtasema kuna wanaodanganya ili wapate huduma wasizostahili. Labda wapo. Mimi ninaowajua wanadanganya kwa upande mwingine, kama mama, anaficha fimbo. Hao kamati yenu imejipanga kuwagundua vipi?

Na mtasema utaratibu ulifuatwa. Hili sina ubishi nalo hata kidogo, ulifuatwa wote.

Sasa maombi yangu, na nayaomba kwa ajili ya wote walioko kwenye ile orodha isiyo na namba:

Kwanza, dirisha moja. Mzee, mlemavu, mzee mlemavu, wote waingie hapohapo, jina liandikwe mara moja, na kuhamishana mafaili iwe kazi yenu wenyewe huko ndani. Mtu afike kwa njia anayoiweza, kwa simu, kwa kutumwa mtu, kwa nyie kumfuata. Na hiyo saa ya kuzima fomu muitoe, ni kazi ya mchana mmoja kwa fundi wenu.

Pili, tathmini ifanywe mara mbili siku tofauti, na mtu anayemlea aulizwe pembeni, bila mzee kusikia, ili aibu isiamue. Swali la kuachwa peke yake liingizwe. Kama mnaona mara mbili ni gharama basi mara moja, lakini kwa kumwangalia anavyofanya, aombwe anyanyuke, aombwe avae kitambaa, muone.

Tatu, jibu ndani ya siku 30, na kila aliye kwenye orodha aambiwe namba yake na isogee aione. Siku ya 31 ikifika bila jibu, huduma ya muda ianze, hata ya masaa machache, mpaka mtakapomaliza kufikiri. Asiyeweza kujigeuza awekwe mbele ya foleni, hilo halihitaji kikao.

Nne, masaa anayostahili mtu yamfuate anapochagua kuishi. Kama pesa ya kituo ipo, aruhusiwe kuitumia nyumbani kwake.

Tano, wasaidizi walipwe na muda wa njiani, wafundishwe kabla ya kuja kwetu badala ya kufundishwa na mimi, na nyumba moja isiwe na zaidi ya wawili wanaopokezana.

Sita, barua ya kukataa iwe na sababu, alama, na tarehe ya mwisho ya rufaa kwa maandishi makubwa. Kama ni ya mtu asiyeona vizuri, asomewe kwa simu.

Saba, na hili nimeliacha nyuma kwa makusudi, kwenye kamati yenu wakae watu wanaotumia hizo huduma, wenye kura, sio wa kuitwa siku ya picha. Kulikuwa na Mmarekani mmoja, Ed Roberts, polio ilimpooza kuanzia shingoni akiwa kijana, usiku analala ndani ya mashine ya chuma ya kumsaidia kupumua. Ofisi ya jimbo la California ya kusaidia watu wenye ulemavu warudi kazini ilimwona ni mlemavu mno hatakuja kufanya kazi. 1972 yeye na wenzake wakaanzisha pale Berkeley kituo cha kuishi kwa kujitegemea, kinaendeshwa na wenye ulemavu wenyewe. 1975 gavana akamteua kuwa mkurugenzi wa ofisi ileile iliyomkataa. Siwaambii mumpe mdogo wangu kiti cha Mkurugenzi, ingawa fomu yenu angeirekebisha kwa jioni moja. Nawaambia mumpe kiti kwenye kikao, na muhakikishe kikao hakifanyiki ghorofa ya pili.

Nakala za zile barua tatu nimeziambatanisha, na picha ya kidonda sikuiambatanisha, ila ipo kama kuna mjumbe ataitaka. Namba za mafaili yote mawili nimeziandika nyuma ya bahasha, lile linaloonekana na lile lisiloonekana. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30. Mkitaka kuja nyumbani karibuni siku yoyote bila kutoa taarifa, tena msitoe taarifa, mama asije akajiandaa. Na mkipiga simu naomba iwe baada ya saa nne asubuhi, kabla ya hapo mikono yangu yote miwili inakuwa na watu.

Wenu,
Mlezi wa wawili, mwenye faili lisiloonekana